Pikapu ya Chama Inapolia: Kuuchunguza Mlio Kabla ya Kutia Sahihi Hati ya Malipo

Katika mafaili ya vyama vingi vya msingi hukutwa hati za malipo zenye maneno matatu tu: "Matengenezo ya gari." Hati hutiwa sahihi, fedha hutoka, gari hurudi, na baada ya majuma machache hati nyingine ya namna ile ile huandikwa. Ikiulizwa wakati wa ukaguzi ni ubovu gani hasa ulioondolewa, jibu huwa kwamba gari lilikuwa "linalia", fundi akasema kadha wa kadha, na kamati ikaidhinisha. Somo hili linahusu neno hilo moja, "linalia". Katibu hahitaji kuwa fundi ili alipe neno hilo maana. Anahitaji kujua maswali ya kuuliza, na ayaulize kabla boliti hata moja haijafunguliwa.

Chama kimoja cha wakulima wa kahawa kilikuwa na pikapu ya dizeli aina ya Toyota Hilux, yenye umri wa zaidi ya miaka 20. Baada ya mvua za masika dereva alimwarifu katibu, kwa mdomo, kwamba kuna mvumo unaotoka nyuma. Katibu alijibu kama wajibuvyo wengi, kwamba gari kuukuu halikosi kelele. Mvumo ulipozidi, gari lilipelekwa mjini. Fundi alilichunguza likiwa limesimama uani, akaitikisa propela kwa mkono, akaona ina mchezo kidogo, akasema difu imekwisha. Kamati ikakutana na kuidhinisha, na difu iliyokwisha kutumika ikanunuliwa kwa fedha zilizokuwa zimetengwa kwa dawa ya kunyunyizia mikahawa. Gari likarudi na mvumo wake ule ule. Hapo lawama zikamgeukia dereva, ikadaiwa kwamba ameiharibu difu ya pili kwa mwendo wake mbaya.

Katikati ya msimu, pikapu ikiwa imebeba magunia ya kahawa kwenda kiwandani, beringi ya gurudumu la nyuma la kushoto ilivunjika, na gurudumu likachomoka pamoja na shafti yake. Gari liliangukia mferejini. Utingo alivunjika mkono. Chama kilikodi lori kwa muda wote uliobaki wa msimu, na gharama hiyo ikapunguza malipo ya pili ya kila mwanachama.

Kamati ilitaka dereva alipe. Kilichomwokoa ni daftari lake mwenyewe la kuandikia dizeli, daftari la kawaida la shule, ambamo miezi 3 kabla ya ajali alikuwa ameandika kwa kalamu ya risasi: "Nyuma linavuma tukikata kona ya kulia. Kona ya kushoto linanyamaza." Maneno hayo machache yalikuwa na jibu lote. Yalitaja sehemu iliyokuwa mbovu na upande wake, na yangeipunguzia kazi ya matengenezo hadi bei ya beringi moja na ujira wa fundi kuifunga. Hakuna aliyeyasoma, kwa kuwa hakuna aliyeuliza.

Ili kuona jinsi maneno yale yalivyokuwa jibu, yafaa kuanza na maswali yasiyohitaji ufundi wowote.

Watu hupenda kuuliza mlio unafananaje. Swali hilo halina ubaya, lakini kila mtu husikia kwa sikio lake. Huyu huita mvumo, yule huita mluzi, na mwingine huigiza kwa kinywa sauti ambayo hakuna gari lililopata kuitoa. Swali lenye manufaa zaidi ni hili: mlio hutokea lini, na hukoma lini? Je, husikika gari likiwa limesimama na injini inazunguka? Kama husikika, basi magurudumu, difu na propela haziwezi kulaumiwa, kwa sababu wakati huo hazizunguki. Sababu itafutwe katika injini, mikanda yake, klachi au giaboksi. Kama mlio hausikiki mpaka gari liondoke, nusu ya pili ya gari ndiyo ya kushukiwa kwanza. Kwa swali hilo moja gari limegawanywa mafungu mawili, na hakuna senti iliyotumika.

Swali linalofuata ni kama mlio hufuata mwendo wa injini au mwendo wa magurudumu. Dereva aende kilomita 40 kwa saa katika gia ya 3, kisha mwendo huo huo katika gia ya 4. Mlio ukishuka gia inapopandishwa, unafuata injini. Ukibaki vile vile, unafuata magurudumu. Njia nyingine ni kufika kilomita 60 kwa saa, kuweka gia huru, na kuliacha gari litambae lenyewe. Mvumo ukiendelea, injini haihusiki. Majaribio haya yafanywe mahali tambarare na peupe, gari likiwa tupu, bila mtu kukaa nyuma. Kuweka gia huru katika mteremko, kama wafanyavyo madereva wengine kwa kudhani wanaokoa mafuta, ni kuikabidhi breki kazi ya injini, na hakuna jaribio linalostahili hatari hiyo.

Utingo naye aulizwe. Yeye huketi upande usio wa dereva, na pengine hukaa nyuma pamoja na mizigo, ambako mlio wa mhimili wa nyuma husikika wazi kuliko ndani ya kebini. Mara nyingi ndiye aliyeusikia kwanza, ila hakuna aliyemwona kuwa mtu wa kuulizwa.

Mvumo unaofuata magurudumu ndio unaowapotosha mafundi wengi na kuvigharimu vyama fedha nyingi, kwa sababu vitu vitatu vinavyokaribiana huweza kuutoa: matairi, beringi za magurudumu na difu. Sauti husafiri katika chuma cha fremu, na mtu aliye ndani ya kebini huweza kuapa kwamba inatoka katikati kumbe inatoka pembeni. Lakini kila kimoja kina tabia yake.

Tairi hubadili sauti barabara inapobadilika. Tairi lenye meno makubwa, au lililolika upande kwa sababu magurudumu hayakunyooshwa, huvuma juu ya lami na kufifia gari linapoingia barabara ya vumbi laini. Ikiwa mvumo ulianza siku matairi yalipobadilishwa, hakuna haja ya kwenda mbali. Yabadilishwe ya mbele yaende nyuma, na isikilizwe kama mvumo umehama pamoja nayo.

Difu hubadili sauti mguu wa dereva unapobadili kazi. Gari likienda kwa mwendo ule ule, dereva akanyage mafuta, kisha auondoe mguu. Sauti ya kulia ya difu iliyolika huja gari linapovutwa na injini na kutoweka linapojiachia, au kinyume chake, kwa sababu meno ya gia zake huegemea upande mmoja wakati wa kuvuta na upande mwingine wakati wa kuzuiwa. Kabla ya kuilaani, ifunguliwe nati ya kujazia oili ili ionekane kama oili inafika kwenye tundu. Sili inayovuja ikiachwa mwaka mzima humaliza difu nzima. Na mchezo kidogo katika propela, ule uliomfanya fundi wa mjini atoe hukumu, si ushahidi wa kutosha: meno ya difu yoyote huachiwa nafasi ndogo baina yake, la sivyo yangesagana na kuungua.

Beringi ya gurudumu haijali mguu wa dereva. Inajali usukani. Gari linapokata kona ya kulia, uzito wake huegemea kushoto, na beringi za kushoto hubebeshwa zaidi. Linapokata kona ya kushoto, uzito huhamia kulia. Kwa hiyo beringi mbovu ya kushoto huvuma zaidi katika kona ya kulia, na hupumua katika kona ya kushoto. Hivyo ndivyo dereva wa chama kile alivyoandika. Hakujua sababu yake, lakini aliandika alichokisikia.

Uthibitisho hupatikana kwa njia rahisi. Baada ya safari, gurudumu moja likiwa na joto kali kitovuni kuliko mwenzake wa upande wa pili, na breki zikiwa hazikushika, beringi yake ishukiwe. Mkono usogezwe kwa hadhari, kwa kuwa chuma hicho huweza kuunguza. Kisha gurudumu linyanyuliwe kwa jeki, magurudumu mengine yakizuiwa kwa mawe mbele na nyuma, na gogo imara liwekwe chini ya mhimili. Jeki peke yake isiaminiwe kamwe. Gurudumu lishikwe juu na chini na kutikiswa: likicheza, beringi imelegea au imelika, ingawa katika magurudumu ya mbele mchezo huo huweza kutoka kwenye bol-jointi, na fundi mwangalifu ataangalia kiungo kipi kinachotikisika. Halafu lizungushwe polepole kwa mkono, na kiganja cha pili kiwekwe juu ya springi. Beringi nzima huzunguka bila kuhisiwa. Mbovu huhisiwa kama inasaga mchanga. Kwa gurudumu la nyuma gia iwekwe huru kwanza. Isiwashwe injini na kutiwa gia ili gurudumu lililo hewani lijizungushe. Pikapu zimekwisha kuruka kutoka kwenye jeki kwa ujinga huo.

Maji ndiyo adui mkubwa wa beringi hizi. Pikapu inayovuka vijito wakati wa masika, hasa beringi zikiwa bado na joto, hunyonya maji na matope kupitia sili zilizochakaa, na grisi huoshwa. Ndiyo maana mvumo mwingi huanza baada ya mvua. Mzigo nao husaidia kuua. Mifuko 20 ya mbolea ya kilo 50 ni tani 1 kamili. Chama kinachopakia mifuko 30 katika pikapu ya tani 1, "kwa sababu ni safari fupi", kinanunua beringi bila kujua.

Mlio wa kugonga mara moja, "kop!", gari linapoondoka au linapobadili kutoka mbele kwenda nyuma, aghalabu hutoka kwenye krosi za propela. Injini ikiwa imezimwa, magurudumu yamezuiwa na gia iko huru, mtu alale chini na kuizungusha propela huku na huku kwa mkono, akitazama msalaba wa kila krosi. Kama upande mmoja wa kiungo unatangulia na mwingine unachelewa, krosi imekwisha. Vumbi jekundu la kutu kando ya vikombe vyake ni dalili ya awali, na kabla ya hapo huwa kulikuwa na mlio mwembamba wa haraka haraka, kama wa kifaranga, gari likienda taratibu. Wakati huo grisi ya shilingi chache ingetosha, kama krosi ni ya aina yenye nipeli. Lakini boliti zinazofunga springi kwenye mhimili zikilegea nazo hugonga vivyo hivyo, na kukaza boliti ni nafuu kuliko krosi. Zianze zenyewe.

Kwa klachi na giaboksi kuna jaribio ambalo kila katibu anaweza kulisimamia akiwa amesimama kando ya mlango. Gari lisimame, gia huru, injini izunguke polepole. Dereva akanyage klachi na kuiachia mara kadhaa. Mlio ukitokea anapokanyaga, ni beringi ya kusukumia klachi. Ukiwapo akiwa ameachia na kutoweka anapokanyaga, ni beringi iliyo ndani ya giaboksi, penye shafti ya kuingilia. Hizo ni kazi mbili za gharama tofauti, ingawa zote mbili humlazimu fundi kuishusha giaboksi. Kwa hiyo, ikishushwa kwa sababu ya moja, ni busara ya nyingine kutazamwa siku hiyo hiyo, pamoja na sahani ya klachi, ili ujira wa kushusha usilipwe mara mbili. Giaboksi inayolia katika gia zote isipokuwa ya 4 huonyesha kwamba shafti yake ya chini ndiyo inayoumwa, kwa kuwa katika gia hiyo, kwa pikapu nyingi za aina hii, nguvu hupita moja kwa moja bila kuitegemea shafti ya chini.

Injini ya dizeli kwa asili yake hugonga, hasa asubuhi ikiwa baridi, na dereva aliyezoea petroli huweza kuogopa bure. Ya petroli ikitoa sauti ya kokoto ndani ya kopo inapopanda mlima, mara nyingi moto wa plagi unawahi mno au petroli ni duni. Mlio mwepesi wa "tik, tik, tik" unaofuata injini huwa ni wa vali. Kila vali hufunguka mara 1 katika mizunguko 2 ya krenki, kwa hiyo mdundo wake ni wa nusu ya mwendo wa injini, na sikio lililozoea huutambua. Vali zipimwe nafasi. Kazi hiyo inaweza kungoja siku ya matengenezo.

Kugonga kuzito hakungoji. Sauti nene, kama ya nyundo ikipiga gogo, inayozidi gari likipanda na mzigo, hutoka kwenye beringi za konrodi au za krenki. Hapo dereva azime injini papo hapo, na zaidi sana ikiwa taa ya oili imewaka. Baada ya dakika chache, gari likiwa mahali palipo sawa, kijiti cha oili kichomolewe na kusomwa. Uamuzi wa "twende polepole mpaka mjini" umegeuza kazi ya kubadili beringi kuwa kazi ya kununua injini, na dereva anayezima gari porini kwa sababu hiyo asikaripiwe kwa kuchelewesha mzigo. Kamati imwambie hivyo mapema, tena kwa maandishi, kwani dereva anayeogopa kukaripiwa ataendelea na safari.

Yapo mengine yasiyohitaji maneno mengi. Mlio mkali wa asubuhi au baada ya kupita kwenye maji, unaotoka mbele na kukoma baada ya muda, ni wa mkanda wa feni uliolegea au uliochakaa. Injini ikiwa imezimwa, mkanda ubonyezwe kwa dole gumba, na ukishuka zaidi sana ya sentimita 1 ukazwe. Breki zinazolia kwa vumbi husafishwa, lakini breki zinazokwaruza chuma kwa chuma zimemaliza laini zake, na gari lisitoke uani. Sauti ya "kro, kro" katika mwendo mdogo baada ya kubadili tairi ni ya nati za gurudumu zilizolegea: gari lisimamishwe wakati huo huo, na siku zote nati zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100 tangu tairi lifungwe. Bomba la moshi lililotoboka huwachekesha watoto wa njiani, lakini moshi ukiingia kebini huleta gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu waliosinzia. Na kabla ya yote jeki, spana na ndoo zilizo chini ya kiti ziondolewe na safari fupi ifanywe bila hivyo. Si gari moja lililopelekwa gereji kwa ajili ya jeki.

Kunyamaza nako kusichukuliwe kuwa ni uzima. Injini za dizeli za 2L zilizofungwa katika Hilux nyingi za miaka ya 1980 na 1990 zina mkanda wa taimingi ambao mara nyingi hukatika bila onyo la sauti, na ukikatika vali hugongana na pistoni. Huo hubadilishwa kwa kuhesabu kilomita, kila 100,000. Kama hakuna anayejua ulibadilishwa lini, ubadilishwe sasa na tarehe iandikwe.

Yote hayo yaandikwe wapi? Katika daftari la safari la gari, ambalo vyama vingi vinalo lakini hujazwa kilomita na lita tu. Iongezwe safu moja ya "Hali ya gari", na dereva aijaze kila jioni, hata kama ni neno "salama". Siku ya mlio, ijazwe kwa namna hii:

"Kilomita 312,460. Mvumo nyuma, kuanzia mwendo wa 40. Likisimama haupo. Gia ya 3 na ya 4 ni sawa. Kukanyaga mafuta au kuacha ni sawa. Kona ya kulia unazidi, kona ya kushoto unapungua. Lami na vumbi ni sawa. Mzigo: mifuko 16. Kitovu cha nyuma kushoto kina joto kuliko cha kulia. Dereva ametia sahihi. Katibu ameona."

Nakala ya maneno hayo ndiyo ipelekwe kwa fundi pamoja na gari, badala ya agizo la kutengeneza. Fundi aombwe kuandika, kabla ya kufungua chochote, ni kitu gani anachokishuku na kwa sababu gani. Fundi mzuri hachukii jambo hilo, maana humpunguzia kazi ya kukisia. Akisema difu wakati daftari linasema kona ya kulia, katibu ana haki ya kumwomba apande na dereva na kwenda kusikiliza. Kazi ikiisha, jaribio lile lile lirudiwe katika barabara ile ile, na matokeo yaandikwe chini ya maelezo ya kwanza. Kifaa kilichotolewa kirudishwe ofisini kikiwa na karatasi yenye tarehe na namba ya hati ya malipo, kiwekwe rafuni mpaka ukaguzi upite, na mjumbe yeyote wa kamati anayetaka kukizungusha kwa mkono wake na kuhisi ule mchanga ndani yake aruhusiwe.